Sauti ya Bindiya Juu ya Lori

Siku Mukund alipokwenda sokoni kununua vyombo vya kutengenezea remiksi, hakuwa na mpango wa kumpenda mtu. Mpango wake ulikuwa kununua mashine ya moshi.

Alikuwa na orodha. Kaandikiwa na rafiki yake mmoja aliyewahi kupanda lori la dijei, lile la kubeba spika harusini, mara mbili, zote mbili kama mbeba nyaya, lakini kwa mji wa Chapra hiyo ilitosha kumfanya mtaalamu. Mukund akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akatoka kwenye mashine ya kusaga ya baba yake bila kujipangusa. Akaingia duka la sauti la Baijnath akiwa mweupe wa unga kuanzia nywele mpaka kope, kama mtu aliyefufuka asubuhi hiyo.

Nyuma ya meza alikuwepo msichana anachomelea waya. Akainua macho, akamwona, akayarudisha kwenye waya. Halafu akayainua tena.

"Nataka vitu vya remiksi," Mukund akasema. Kakulia kwenye kelele za mashine, hajui kuongea taratibu.

"Nakusikia. Na mama yangu nyumbani kakusikia. Lete hiyo karatasi."

Alikuwa Bindiya, mpwa wake Baijnath mwenye duka. Akachomoa penseli kwenye nywele, akasoma. Spika mbili kubwa za kubebwa na watu wanne. Mixa. Sahani mbili za kusugulia zenye taa pembeni. Taa za kuzunguka. Moshi.

"Kaka, unataka kupiga muziki au kutengeneza?"

Mukund akauliza kwani kuna tofauti.

"Yuko anayepika na yuko anayegawa chakula harusini. Hii orodha ni ya mgawaji." Akaanza kukata, mstari kwa mstari. Alipofika kwenye moshi akasimama. "Na huu?"

"Wa kuleta hali."

"Nani atauona? Remiksi mtu anaisikilizia kwenye simu, kalala kitandani na fulana."

Nyumbani kwao watu hawakubishana naye, walimtuma tu. Hili la msichana kumnyang'anya ndoto zake moja moja kwa penseli lilikuwa jipya, na ajabu yake lilimfurahisha.

Bindiya akamuuliza ana kompyuta gani. Akamtajia ya binamu yake, ya zamani. Memori ngapi? Nne. Bindiya akavuta pumzi kama daktari. Akasema itaongezwa ziwe nane, na diski yake ya kuzunguka itolewe iwekwe ya kisasa, la sivyo kila akikata kipande cha wimbo atakunywa chai mpaka kompyuta irudi na akili zake. Kisha akampeleka kwenye hedifoni.

Mukund akakimbilia nyekundu, kubwa, zinazong'aa. Bindiya akamvalisha, akampigia wimbo wa zamani ambao kila mtu wa huko kauzoea toka utotoni. Besi ikamwingia mpaka tumboni. Akafumba macho. Bindiya akamvua zile, akamvalisha nyingine, nyeusi, mbaya, kama za rubani wa vita. Wimbo ukapwaya.

"Hizi mbovu," Mukund akasema.

"Hizi zinakwambia ukweli. Zile zinakusifia. Ukitengenezea zile utadhani besi ipo, siku wimbo unapigwa juu ya lori unakuta haipo, na watu mia tatu wamesimama wanakuangalia."

Mukund akasikiliza tena. Kidogo akakunja uso. Akauliza hiyo kengele nyuma ya kinanda imetoka wapi, mbona miaka yote haikuwepo.

Bindiya akaacha kukunja waya. Wateja wake wengi waliuliza rangi na bei. Hakuna aliyewahi kuuliza kengele. Akamtazama mara ya tatu, na hii haikuwa ya kuangalia unga.

"Ilikuwepo," akasema. "Hukuwa na cha kuisikilizia."

Basi hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mengine yote Mukund aliyasikia kwa mbali. Alionyeshwa kisanduku kidogo cha sauti cha kuchomeka kwenye kompyuta, maana bila hicho ukigonga kinanda leo sauti inakuja kesho. Kinanda chenyewe kikawa kifupi, cha kukaa mapajani. Spika za kusikilizia, mbili ndogo, akaambiwa asinunue mpaka amalize wimbo wake wa kwanza.

Ikabaki programu. Mukund akasema hiyo asisumbuke, rafiki yake ataileta kwenye flashi, ya wizi, wote wanatumia hiyo hiyo. Bindiya akamwonyesha kigoda kilichokuwa pembeni. Akasema wiki iliyopita kijana mmoja aliyeletewa kwenye flashi alikaa hapo akalia, kompyuta yake inafungua picha za watu asiowajua na maandishi ya lugha asiyoijua. Iko ya majaribio, akasema, inakuruhusu kila kitu, ila ukiifunga kazi yako haifunguki tena. Iko ya gharama. Na iko ya bure, sura mbaya, lakini inakata, inapima kasi, inakuwezesha kuvuta sauti ya mwimbaji na kuacha vyombo. Aanze na hiyo. Akimaliza remiksi tano, ndiyo anunue ya maana.

"Watu wananunua programu tatu hawajamaliza wimbo mmoja," akasema.

Mukund akatoka na mfuko mdogo. Mashine ya moshi ikabaki kwenye rafu.

Toka siku hiyo akawa na shida ya waya. Jumatatu alikwenda kununua waya. Jumanne waya ule ule ulikuwa mfupi. Alhamisi ulikuwa mrefu. Nyumbani nyaya zikafika kumi na moja zinazofanana, mama yake akamuuliza kama ana mpango wa kuanika nguo za mtaa mzima.

Siku moja alikwenda, kompyuta mkononi, kununua maiki. Hii ilikuwa shida ya kweli. Kule, mtengeneza remiksi lazima jina lake litamkwe ndani ya wimbo, kila nusu dakika, la sivyo ikifika saa sita mchana wimbo una baba mwingine. Wenye uwezo wanamlipa mtu wa mji mkubwa, wa Patna, mwenye sauti nzito. Mukund alijaribu mwenyewe, akatoka kama anayeita watu wachukue magunia. Bindiya akachomeka maiki kwenye kompyuta ya Mukund kuijaribu, akaisogeza mdomoni, akasema la kwanza lililomjia:

"Mukund wa Chapra, huyo kaingia."

Mwishoni akacheka kidogo, kwa pua.

Mukund akalipia maiki akaondoka. Jaribio lile likabaki ndani ya kompyuta yake. Wiki tatu akakata, akabandika, akakosea, akaanza upya. Remiksi ilipokamilika, akamweka Bindiya ndani. Kila nusu dakika, na kicheko chake. Akaupeleka wimbo kwenye kibanda cha kujaza nyimbo kwenye memori kadi, karibu na stesheni. Siku nne baadaye ulikuwa kwenye simu za mafundi baiskeli, wauza matunda ya litchi na kinyozi.

Kitu kimoja tu hakukifanya. Hakumuuliza mwenye sauti.

Ijumaa asubuhi akaja dukani kuchukua zile spika mbili ndogo, maana sasa alikuwa kamaliza wimbo. Kaoga. Kavaa shati la pasi. Kashika karatasi yenye jalebi, vitamutamu vya kukaanga, bado za moto, mafuta yamelowa mpaka kwenye kiganja. Alitegemea kusifiwa.

Bindiya hakuinua macho hata mara moja.

"Toka," akasema.

Mukund akauliza kafanya nini.

Akaambiwa. Jana kulikuwa na harusi mtaa wa Sahebganj. Mbele bendi ya matarumbeta, nyuma lori la dijei, kama wanavyofanya wenye pesa siku hizi wasiotaka kuchagua. Na mwenye bendi, yule wa koti jekundu anayepuliza tarumbeta mbele ya farasi wa bwana harusi, ni Ramdhari, baba yake Bindiya. Malori ya dijei yamekula nusu ya kazi zake, akisikia neno dijei anatema mate. Basi Ramdhari yuko katikati ya wimbo, mashavu yamejaa upepo, na nyuma yake spika ishirini zikafunguka. Binti yake akamwita mwanamume mbele ya watu mia tatu. Akacheka. Nusu dakika baadaye akamwita tena.

"Miaka ishirini na sita baba hajawahi kukosea noti," Bindiya akasema. "Jana kakosea. Farasi kashtuka. Bwana harusi kaokotwa kwenye kikapu cha maua." Sasa akainua macho. "Kasema leo ni siku yangu ya mwisho hapa dukani. Kesho napelekwa mji wa Gaya kwa shangazi, nikakae mpaka nipatiwe mume. Na wewe hukuniuliza, Mukund. Neno moja tu, hukuniuliza."

Jalebi zikawa nzito mkononi. Mukund hakuwa mtu wa maneno, na yaliyomtoka yalitoka yenyewe.

"Niliisikia sauti yako mara moja nikashindwa kuifuta," akasema. "Kwetu jina langu linatajwa ili nikabebe gunia. Wewe ulilitaja kama la mtu. Nimekosa. Nilipaswa kukuuliza na sikukuuliza, kwa sababu niliogopa utakataa."

Bindiya akafungua mdomo kujibu, mlango ukajaa.

Alikuwa Ramdhari, kavaa koti la bendi, vifungo vyote vya dhahabu, na kofia yenye unyoya. Hakuna harusi asubuhi hiyo. Ndivyo alivyokwenda popote penye shari, hata benki. Nyuma yake Baijnath, shemeji yake, anamsihi asivunje kitu. Na nyuma ya Baijnath, sokoni, watu wakaanza kukumbuka kwamba wana shida ya betri.

"Ndiye huyu," Ramdhari akasema.

"Ndimi," Mukund akasema, kwa sauti ile ile ya mashine. Betri zikazidi kuhitajika.

"Unataka nini kwa binti yangu?"

"Kumuoa."

Baijnath akashika rafu. Bindiya akageuka polepole.

"Na hilo pia hukuniuliza," akasema.

"Nakuuliza sasa."

"Hakuna kuulizana hapa," Ramdhari akasema. Akaeleza, kwa kirefu, kwamba nyumbani kwake hakuingii dijei, mtengeneza remiksi, wala mtu yeyote anayefanya muziki kwa kuchomeka umeme. Na mama yake mzazi, mwenye neno la mwisho katika ukoo, atasema hivyo hivyo. Akatoa simu ampigie hapo hapo. Simu haikuwa na chaji. Akamnyang'anya Baijnath ya kwake.

Sasa, simu ya Baijnath kutwa nzima huwa imeunganishwa na zile spika kubwa za mlangoni, za kuvutia wateja. Baijnath alikumbuka, akanyoosha mkono, akachelewa.

"Nani kafa?" Sauti ya bibi ikalipuka mpaka ng'ambo ya barabara. Kinyozi akainua wembe kwenye shingo ya mteja.

Baijnath akaanza kuhangaika na vitufe. Bindiya alikijua kitufe chenyewe, kilikuwa karibu na kidole chake. Hakukigusa.

Ramdhari akasema hakuna aliyekufa, mama, ila Bindiya kataja jina la mwanamume juu ya lori, na mwanamume huyo sasa anataka kumuoa, na yeye kakataa.

Ikasikika bibi anatafuna tambuu.

"Kalitaja mara ngapi?"

"Kila nusu dakika, bibi," Mukund akajibu. "Wimbo ni wa dakika sita."

"Mara kumi na mbili," kinyozi akasema kutoka ng'ambo.

"Na wimbo wanao watu wangapi?"

Muuza litchi akasema yeye anao. Fundi baiskeli akasema hata yeye, na mkewe. Mikono ikainuka barabarani kama vile bibi anaiona.

"Basi hapo hakuna ndoa," spika zikasema. "Mke akitaja jina la mumewe anampunguzia umri. Mimi la babu yenu sijawahi kulitamka mpaka leo, na alifika miaka themanini na nne. Huyu kijana akimuoa huyu, kwa hesabu hii alishakufa Jumanne."

Ramdhari akajipangusa kifua, karidhika. Mukund akamtazama Bindiya. Alikuwa kashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na machozi yamesimama hapo hapo machoni, hayajaamua.

"Mtoto wa nani wewe?" bibi akauliza.

Mukund akasema wa mashine ya kusaga, ile ya mlango wa bluu.

"Mnaosaga unga wa sattu?" Sauti ikabadilika. "Sattu ya dengu isiyo na mchanga?"

"Hiyo hiyo, bibi. Naichekecha mimi."

Bibi akatafuna tena, muda mrefu. Barabara nzima ikasubiri.

"Dawa ipo," akasema. "Ni ya zamani. Mtoto akiandamwa na kifo tunampa jina baya, kifo kikija kimwone takataka kipite. Nilizika wawili kabla yako, Ramdhari. Wewe ndiyo tukakuita Ghurahu, wa jalalani, na ndiyo maana unapumua."

Kinyozi akaanza kucheka. Bwana mkubwa wa bendi, koti jekundu, unyoya, Ghurahu wa jalalani. Ramdhari akakaa juu ya boksi la spika.

"Mama, unasikika sokoni," akasema kwa unyonge.

"Vizuri. Na huyu ulitaka kumfukuza? Basi jina lake ni Khedaru, aliyefukuzwa. Kifo kikija kitakuta keshafukuzwa. Jina lile la kwenye lori lina mtu wake, afe huko huko kwenye lori. Kijana, umekubali?"

Watu wa nje wasingejua anaombwa nini. Jina lile lilikuwa kwenye simu za mji mzima. Wiki tatu kalifanyia kazi, na usiku alilala akilirudia. Sasa dijei Khedaru, mfukuzwa. Rafiki yake mbeba nyaya angecheka mpaka aumwe.

"Nimekubali," Mukund akasema.

"Na mimi je?" Ilikuwa Bindiya. Kila mtu akageuka. "Mmemaliza kunigawa? Kwanza sauti yangu inatoka kwenye ule wimbo. Jina lako utalitangaza kwa mdomo wako, hata kama litasikika kama magunia. Pili, Gaya siendi. Kazi yangu iko hapa."

Mukund akasema sauti itatoka leo leo. Ramdhari akavua kofia, akaugeuza geuza unyoya. Halafu, bila kumwangalia mtu, akauliza ile tarumbeta iliyomo kwenye remiksi ni ya nani.

"Ya kompyuta, mzee."

"Nilijua. Inalia kama mbuzi kafungwa juani."

"Ningepata ya kweli ningeitumia," Mukund akasema. "Sijui pa kuipata."

Ramdhari akakohoa. Akasema mtu akija na maiki ya maana, si lile dude la kuimbia kwenye sherehe za watoto, labda angepatikana wa kupuliza, ila si kwa kukatwa katwa vipande. Ikatajwa Jumapili. Ikatajwa kwamba baba wa mashine ya kusaga aje pia, na sattu. Wala hakuna aliyesema ndiyo.

Ndiyo yenyewe haikuwa ya Ramdhari kuisema, na wote walijua. Wakawa wanamtazama Bindiya, naye anafunga zile spika mbili ndogo kwenye boksi lake kama siku nyingine yoyote, gundi ya karatasi, kamba, fundo.

Baijnath alikuwa mtu wa biashara, na kimya kikizidi anashika kazi. Akafungua kitabu cha risiti.

"Niandike jina gani?" akamuuliza mpwa wake. "Mukund, au hilo jipya?"

Bindiya akafungua mdomo. Jina alikuwa nalo ulimini, ilionekana. Toka Mukund aingie dukani alikuwa analitaja bila kufikiria. Akaufunga, kama bibi kwa jina la babu. Masikio yakamwiva. Akavuta mtandio kidogo juu ya kichwa, akaashiria kwa kidevu upande ambao Mukund alisimama, pasipo kumtazama.

"Andika la huyo hapo," akasema.

Mkasi wa kinyozi ulikuwa umesimama. Muuza litchi akatabasamu mpaka magego. Mukund alielewa wa mwisho, lakini alipoelewa ilibidi akalie kigoda.

"Eti kasema nani?" spika zikauliza. "Sijasikia. Kalitaja?"

Ramdhari akamtazama binti yake. Akairudisha kofia kichwani, akauweka unyoya sawa.

"Hapana, mama," akasema. "Hajalitaja."